Tuneli Yenye Kazi Mbili

Watoto, mnajua mito ya nchi yetu. Leo twende mbali mpaka Asia, katika nchi ya Malaysia. Mji wake mkubwa kupita yote unaitwa Kuala Lumpur. Katika lugha ya pale jina hilo lina maana ya mahali pa matope ambapo mito hukutana. Ndivyo ilivyo: mto Klang na mto Gombak hukutana katikati ya mji. Mwaka 1857 wachimbaji wa bati, madini yale yale yanayopatikana Manono, walipanda mto Klang wakashuka karibu na hapo. Wakajenga vibanda, na vibanda vikawa mji.

Lakini ajengaye penye makutano ya mito, maji ni jirani yake. Mwaka 1971 gharika kubwa ilifunika mji. Juni 2003 maji yaliingia tena katikati yake. Kwa nini? Mvua ya kule hunyesha kwa nguvu sana kwa saa chache. Zamani udongo na miti vilikunywa sehemu ya maji hayo. Siku hizi ardhi imefunikwa na nyumba, saruji na lami, basi maji yote hukimbilia mtoni kwa mara moja. Na mto hauwezi kupanuliwa, kwa maana majengo yamesimama huku na huku.

Basi waenjinia wakaamua kupita chini. Mwaka 2003 walianza kazi ya kuchimba tuneli, yaani njia iliyotobolewa ndani ya ardhi. Walitumia mashini mbili zenye kichwa cha mviringo chenye upana wa zaidi ya meta 13: motokari saba zingesimama hapo ubavu kwa ubavu! Kazi ilikuwa ngumu, kwa maana chini ya mji kuna mawe ya chokaa yenye mapango mengi, kama mkate ulioumuka. Tuneli ina urefu wa kilometa 9.7. Huyapokea maji ya mto Klang kabla hayajafika katikati ya mji, huyazungusha mpaka bwawa moja upande wa kusini, na kutoka hapo huteremka polepole katika mto Kerayong. Tuneli pamoja na mabwawa yake huweza kushika meta za mchemraba milioni 3. Meta moja ya mchemraba ni kama sanduku lenye meta moja kila upande.

Lakini gharika haiji kila siku. Je, shimo kubwa hivi likae bure? Juu yake motokari zilikuwa zinasongamana barabarani. Kwa hiyo katika kilometa 3 za katikati walijenga barabara mbili ndani ya tuneli, moja juu ya nyingine, kama nyumba ya ghorofa. Mei 2007 motokari ndogo zilianza kupita, kwa kulipa. Malori na pikipiki hayaruhusiwi.

Sasa sikilizeni vizuri. Mvua ikiwa ndogo, maji hayaingizwi. Mvua ikiwa ya kiasi, maji hupita katika mfereji ulio chini ya barabara ya chini, na motokari huendelea kukimbia juu yake. Wengi wa wapitao hawajui kwamba mto uko chini ya magurudumu yao. Mvua ikiwa kubwa sana, tuneli hufungwa. Motokari zote hutolewa, walinzi huhakikisha kwamba hakuna mtu aliyebaki, ndipo milango mizito ya chuma hufunguliwa na maji hujaza barabara zote mbili. Baadaye maji hutolewa, matope huoshwa, na kazi hiyo yaweza kuchukua siku mbili. Mwenye haraka hana la kusema: maji ndiyo yenye haki ya kwanza.

Tuneli imeuokoa mji mara nyingi, ila si dawa ya kila mvua. Desemba 2021 mvua ilinyesha bila kukoma, na sehemu nyingi za bonde la mto Klang zilifunikwa na maji.

Maulizo: Mji wa Kuala Lumpur ulianzaje? Kwa nini mto haukupanuliwa? Ni nini kinachofanyika kabla ya kufungua milango ya chuma? Katika mtaa wenu, maji ya mvua hukimbilia wapi?