Kununua Pointi za Safari: Pima Kwanza, Lipa Baadaye

Utangulizi

Wakulima wa Mgeta na Nyandira, katika Milima ya Uluguru, wanalifahamu vyema tatizo la lumbesa. Mnunuzi hujaza gunia hadi likafurika, huongeza mazao mengine juu yake na kuyafunga kwa kamba, ilhali bei hubaki ile ile ya gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza jambo hilo, na Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kulisimamia. Kipimo kikiwa mikononi mwa upande mmoja wa biashara, upande wa pili hauwezi kujua kwa hakika kile anachotoa wala anachopata.

Katika somo hili tunazungumzia bidhaa nyingine ambayo kipimo chake kimo mikononi mwa muuzaji peke yake, nayo ni pointi za safari. Wateja wenye kadi za benki na wanachama wa mipango ya zawadi ya mashirika ya ndege hupokea barua pepe na ujumbe wa simu unaowahimiza kununua pointi, mara nyingi kwa ahadi ya nyongeza endapo watalipa kabla ya tarehe fulani. Mkoani Morogoro wanaofikiwa na matangazo hayo ni pamoja na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wa Mzumbe wanaohudhuria mikutano nje ya nchi, wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Dubai, na wazazi wenye watoto wanaosoma ughaibuni. Lengo letu ni kumwezesha mlaji kufanya hesabu yake mwenyewe kabla ya kulipa.

Pointi ni nini?

Pointi, ambazo mashirika mengi ya ndege huziita maili, ni ahadi. Mteja anapolipa kwa kadi au anaposafiri, mtoaji humwandikia idadi fulani ya pointi na kumwahidi kwamba siku za usoni zitabadilishwa kuwa tiketi au huduma nyingine. Utaratibu huu ulipata umaarufu mwaka 1981, shirika la American Airlines lilipoanzisha mpango wake wa AAdvantage. Leo abiria wa Afrika Mashariki huwa wanachama wa mipango kama ShebaMiles ya Ethiopian Airlines, Skywards ya Emirates, Privilege Club ya Qatar Airways na Asante ya Kenya Airways.

Pointi si fedha. Shilingi ni fedha halali, na kila muuzaji nchini huipokea. Pointi hupokelewa na aliyezitoa na washirika wake tu. Yeye ndiye anayepanga tiketi iwe na thamani ya pointi ngapi, zidumu muda gani, na ni viti vingapi vitolewe kwa wenye pointi katika kila ndege.

Historia inaonyesha kwamba mamlaka hayo hutumiwa. Mwaka 2015 Delta Air Lines ya Marekani iliondoa jedwali lililokuwa likiwaonyesha wanachama idadi ya pointi zinazohitajika kwa kila safari. Mwaka 2017 Air Berlin ya Ujerumani ilifilisika, na mpango wake wa zawadi ukafuata siku chache baadaye. Wanachama waliokuwa na maili hawakuweza tena kuzitumia. Jirani zetu wa Kenya nao wana mfano wao, ingawa si wa ndege. Pointi za Bonga za Safaricom, zilizoanza mwaka 2007, zilikuwa zikikusanywa bila ukomo kwa miaka mingi, hadi kampuni ilipotangaza mwaka 2022 kuweka ukomo wa miaka mitatu. Katika mifano yote mitatu, aliyeamua hatima ya pointi hakuwa yule aliyezishika.

Hesabu ya msingi

Mlaji anayetaka kununua pointi anahitaji namba nne: bei ya tiketi hiyo hiyo kwa fedha taslimu, idadi ya pointi zinazohitajika, kodi na ada zinazolipwa hata kwa tiketi ya pointi, na gharama kamili ya kununua pointi zinazopungua. Watu wengi husahau namba ya tatu. Tiketi ya pointi si tiketi ya bure. Ada za viwanja vya ndege, kodi za serikali na, kwa baadhi ya mashirika, tozo ya mafuta bado hulipwa kwa fedha.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Tiketi ya kwenda Dubai na kurudi Dar es Salaam inauzwa shilingi 1,400,000. Kwa pointi, safari hiyo inahitaji pointi 40,000 pamoja na kodi na ada za shilingi 380,000. Shirika linauza pointi kwa senti tatu za dola kila moja. Tuseme dola moja ni shilingi 2,600, na benki inatoza asilimia tatu kwa malipo ya fedha za kigeni. Hivyo kila pointi itamgharimu mnunuzi shilingi 80.34.

Je, pointi hiyo ina thamani gani katika safari hii? Tunatoa kodi na ada katika bei ya tiketi, na kubakiwa na shilingi 1,020,000. Tukigawanya kwa pointi 40,000, tunapata shilingi 25.50. Kwa maneno mengine, muuzaji anadai zaidi ya shilingi 80 kwa kitu kitakachofanya kazi ya shilingi 25 na nusu. Sasa tutazame walaji watatu wanaokabiliwa na bei hiyo.

Mlaji wa kwanza ana pointi 38,000, zimepungua 2,000. Atazinunua kwa shilingi 160,680 na kulipa kodi na ada, jumla shilingi 540,680. Akilinganisha na tiketi ya fedha taslimu, anabakiwa na shilingi 859,320 mfukoni. Ingawa kila pointi aliyonunua ni ghali, imefungua mlango wa kutumia zile alizokuwa nazo tayari. Kwake ununuzi una maana.

Mlaji wa pili ana pointi 28,000; zimepungua 12,000. Atazinunua kwa shilingi 964,080, na jumla ya malipo yake itakuwa shilingi 1,344,080. Ameokoa shilingi 55,920 tu, na kwa akiba hiyo ndogo ametumia pointi zake zote 28,000 alizozikusanya kwa miaka. Kila moja imemletea takriban shilingi mbili. Tungemshauri anunue tiketi kwa fedha taslimu na kuziacha pointi zake kwa safari nyingine, maadamu muda wake wa matumizi bado upo.

Mlaji wa tatu hana pointi hata moja, bali amevutiwa na tangazo. Akinunua zote 40,000 atalipa shilingi 3,213,600, na pamoja na kodi na ada, shilingi 3,593,600. Hata akipewa nyongeza ya asilimia 100, yaani alipie pointi 20,000 na kupewa nyingine 20,000, jumla itakuwa shilingi 1,986,800, kiasi kinachozidi bei ya tiketi kwa shilingi 586,800. Ukubwa wa nyongeza haukubadili jibu.

Bei na viwango vya kweli hubadilika, nasi hatusemi kwamba kila shirika huuza kwa kiasi hiki. Kuna safari, hasa za madaraja ya juu, ambazo hesabu yake hutoa jibu tofauti. Kanuni haibadiliki: linganisha jumla ya fedha zitakazotoka mfukoni kwa njia ya pointi na jumla zitakazotoka kwa njia ya tiketi ya kawaida, kisha ujiulize ni pointi ngapi za zamani zitateketea kwa ajili ya tofauti hiyo.

Gharama zisizoonekana kwenye tangazo

Ya kwanza ni riba. Ikiwa mlaji wa pili atalipia pointi kwa kadi ya mkopo na kushindwa kumaliza deni kwa wakati, akiba yake itayeyuka haraka. Kwa riba ya asilimia tatu kwa mwezi, deni la shilingi 964,080 huzaa takriban shilingi 28,900 kila mwezi. Miezi miwili inatosha kumaliza akiba yote na kuzidi.

Ya pili ni safari ya kwenda uwanjani. Abiria wa Morogoro wa safari za kimataifa kwa kawaida huanzia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Tangu Juni 2024 treni ya reli ya kisasa huunganisha miji hiyo miwili, na nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Nauli hiyo ni ndogo. Hata hivyo, viti vya pointi mara nyingi hupatikana katika siku au saa ambazo abiria hakuzichagua. Ndege inayoondoka alfajiri yaweza kumlazimu alale Dar es Salaam, na gharama ya malazi iingizwe katika hesabu.

Ya tatu ni kutorudishiwa fedha. Kwa kawaida masharti ya mipango hii yanaeleza kwamba pointi zilizonunuliwa hazirudishwi. Mtu akinunua pointi leo na kesho akute kiti kimekwisha, fedha zake zimegeuka kuwa ahadi isiyo na tarehe. Ndiyo maana tunasisitiza: tafuta kiti kwanza, hakikisha kipo kwa tarehe unayotaka, ndipo ununue pointi. Kununua mapema kwa matumaini ya safari isiyojulikana ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Tahadhari dhidi ya ulaghai

Mipango mingi hukataza wanachama kuuziana pointi. Anayenunua kutoka kwa mtu binafsi katika kundi la WhatsApp, hata kwa bei nafuu, anaweza kufutiwa tiketi au kufungiwa akaunti. Aidha, hakuna benki wala shirika la ndege lenye sababu ya kukuomba namba ya siri ili kukuongezea pointi. Ujumbe wa namna hiyo usijibiwe. Utumwe kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na namba iliyoutuma.

Haki zako na mahali pa kupeleka malalamiko

Mlaji ana haki ya kuelezwa gharama zote kwa uwazi kabla ya kulipa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mienendo ya kibiashara inayopotosha, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Ikiwa tatizo linahusu kadi, makato au riba, Kanuni za Benki Kuu za Kuwalinda Watumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinakupa haki ya kulalamika. Anza na benki yako kwa maandishi. Usiporidhika, peleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania. Masuala ya huduma za ndege yafikishwe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga au kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Katika kila hali, tunza nakala ya tangazo, masharti kama yalivyosomeka siku ya ununuzi, risiti na taarifa ya akaunti. Masharti yaliyo mtandaoni yanaweza kubadilishwa. Nakala uliyoihifadhi haibadiliki.

Maswali ya kujipima

Kabla ya kulipa, andika majibu ya maswali haya kwenye karatasi:

1. Je, nimeona kiti chenyewe, kwa tarehe yenyewe, kikiwa wazi kwa malipo ya pointi?
2. Tiketi hiyo hiyo inauzwa kiasi gani kwa shilingi leo?
3. Nikijumlisha bei ya pointi, makato ya benki, kodi na ada, nitalipa jumla kiasi gani?
4. Ni pointi ngapi za zamani nitazitumia, na kila moja itaniletea shilingi ngapi?
5. Je, nina fedha za kulipa sasa bila kubeba deni la kadi hadi mwezi ujao?
6. Safari ikiahirishwa, nitarudishiwa nini, na kwa ada gani?

Asiyeweza kujibu swali la kwanza asinunue. Anayejibu yote, na akakuta jumla ya malipo iko chini ya bei ya tiketi kwa kiasi kinachomridhisha, anaweza kununua pointi zile tu zinazopungua, na kukata tiketi yake siku hiyo hiyo.