Wapiga Kafi wa Mto Kongo

Katika nchi ya Uingereza yako mashindano ya kupiga kafi, yafanywayo wakati wa Pasaka, tangu mji wa Devizes hata Westminster katika jiji la London. Njia yake hufuata mfereji kwanza, kisha Mto Thames, na urefu wake ni maili 125. Mtu akitaka kuufahamu mwendo huo, na afikiri safari ya barabara tangu Lindi hata Kilwa Masoko. Ni karibu sawasawa. Wengi wa washindani hawatafuti faida yao wenyewe. Rafiki na jirani huwaahidi fedha wakimaliza safari, na fedha hizo hupelekwa kuwasaidia wagonjwa na maskini.

Lakini iko safari ya kafi iliyoyapita mashindano hayo kwa urefu zaidi ya mara kumi, na waliopiga kafi walikuwa watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Hapakuwa na zawadi, wala watazamaji wa kuwashangilia. Walishindana na maji, na maradhi, na njaa; na katika mashindano hayo hakusifiwa aliyewaacha wenzake nyuma, bali aliyerudi kuwachukua.

1. Mto na Watu

Mtoto wa Milola ausikiaye Mto Mbwemkuru, uingiao baharini kati ya Kilwa na Lindi, ajua kwamba hujaa wakati wa masika na kupungua wakati wa kiangazi. Mto Kongo sivyo. Urefu wake ni kilomita 4,700 hivi, nao huikata Ikweta mara mbili. Mvua zikikoma upande wa kusini, hunyesha upande wa kaskazini. Kwa hiyo maji yake hayapungui sana mwaka mzima. Katika dunia yote, ni Mto Amazon peke yake umwagao maji mengi baharini kuliko Kongo.

Zamani watu wa Ulaya waliujua mto uitwao Lualaba, upitao Nyangwe, lakini hawakujua uendako. Wengine walidhani huingia katika Mto Naili. Novemba 17, 1874, Henry Stanley alitoka Bagamoyo kwenda kuitafuta habari hiyo, pamoja na watu 356. Wapagazi walichukua vichwani vipande vya mashua iitwayo Lady Alice, ambayo iliweza kufunguliwa na kuunganishwa tena.

Wengi wa watu hao waliitwa Wangwana, maana yake watu huru. Lakini si wote waliozaliwa Unguja. Wengi, ama wao ama wazazi wao, asili yao ni bara, nao walipitishwa Kilwa katika siku mbaya za biashara ya watumwa. Mwaka 1876, wakati Wangwana hao walipokuwa mbali katikati ya Afrika, watu wengine waliokombolewa utumwani walitoka Lindi pamoja na Askofu Steere, wakaenda kukaa Masasi.

Msafara wa Stanley ulitoka Nyangwe Novemba 5, 1876. Tippu Tip, mfanya biashara mkubwa, aliwasindikiza kwa muda, kisha mwisho wa Desemba akarudi. Wakabaki watu 149, wanaume, wanawake na watoto, katika Lady Alice na mitumbwi ishirini na zaidi. Mshika usukani wa Lady Alice aliitwa Uledi.

2. Mtu Juu ya Jiwe

Mwezi wa Januari 1877 walifika kwenye maporomoko saba, ambayo baadaye yaliitwa kwa jina la Stanley, na leo yaitwa Boyoma. Hapo hapapitiki kwa chombo. Watu walikata njia mwituni kwa mashoka, wakaiburuta mitumbwi juu ya nchi kavu, poromoko moja baada ya jingine.

Siku moja mtumbwi ulipinduka karibu na poromoko. Mtu mmoja, jina lake Zaidi, alishikamana nao, ukachukuliwa mpaka ukapasuka juu ya jiwe lenye ncha, ukingoni kabisa pa maji yaangukayo. Zaidi akakaa pale juu ya jiwe, maji yakimpiga, wala hapakuwa na wa kumfikia. Wenzake wakasuka kamba kwa mimea itambaayo ya mwituni, wakafunga mtumbwi mtupu, wakauteremsha polepole. Haukumfikia. Ikaonekana hapana budi watu wawili waingie chomboni.

Stanley akauliza ni nani atakayekwenda. Uledi akajitoa, na baada yake kijana aitwaye Marzuku.

Wakaingia, wakiuongoza mtumbwi kwa kafi, na wenzao ufukoni wakiziachia kamba kidogo kidogo. Mara nyingi walimrushia Zaidi kamba, na mara nyingi maji yaliichukua. Mwisho akaidaka, papo hapo akaanguka katika poromoko, akaning'inia. Kwa uzito huo kamba zilizoushika mtumbwi zikakatika! Watu ufukoni wakadhani wote watatu wamekwisha. Lakini mtumbwi ukakwama kwenye kisiwa kidogo cha mawe katikati ya poromoko. Uledi na Marzuku wakaruka, wakaivuta kamba, wakamtoa Zaidi yu hai.

Usiku ukaingia. Watu watatu wakalala juu ya mawe, maji yakinguruma kushoto na kulia. Kesho yake wenzao wakapata kuwafikishia kamba, wakavutwa mmoja mmoja hata ufukoni. Kabla ya safari kwisha, Uledi aliwaokoa watu zaidi ya kumi wasife maji.

3. Shauri Lililodharauliwa

Habari ya safari hii si ya ushujaa tu, wala haifai kufichwa. Njiani walipigana mara nyingi na wenyeji wa mtoni. Wenyeji walikuwa wakilinda nchi yao na watu wao, na wageni wenye silaha kwao walikuwa hatari. Bunduki za msafara ziliua watu wengi.

Mwezi wa Machi wakafika mahali mto unapopanuka kama ziwa, ambapo leo iko miji ya Kinshasa na Brazzaville. Chini ya hapo ni maporomoko tena, nayo yaliwashika zaidi ya miezi minne. Mwisho wa Machi Kalulu, kijana aliyepata kusoma shule Uingereza, alichukuliwa na maji pamoja na mtumbwi wake.

Juni 3, 1877, Frank Pocock, Mzungu wa mwisho aliyebaki na Stanley, alikuwa na vidonda miguuni, hawezi kutembea. Akaingia mtumbwini pamoja na Uledi. Walipokaribia poromoko, Uledi aliyatazama maji, akamwambia kwamba chombo hakiwezi kupita. Pocock, kwa haraka yake, akawadhihaki wapiga kafi kama kwamba wanaogopa. Maneno hayo yaliwachoma. Wakaingia katika maji mabaya. Mtumbwi ukapinduka, Pocock akafa, na wengine pamoja naye.

Uledi hakuwa mwoga. Aliyelala juu ya jiwe katikati ya poromoko si mwoga. Alijua maji tu. Na pengine ni vigumu zaidi kusema, "Hapapitiki," kuliko kuingia. Siku ile dhihaka ilishinda maarifa, na gharama yake ilikuwa roho za watu.

4. Shanga za Msafara

Katika miezi hiyo chakula kilikuwa ghali, na shanga zilikuwa ndizo fedha za msafara. Mwizi wa shanga aliiba chakula cha wote. Basi siku moja shanga zilionekana zimeibiwa, na aliyekutwa nazo ni Uledi mwenyewe.

Watu wakakutanishwa, wakaulizwa kosa hilo lipewe adhabu gani. Wakubwa wa msafara walikata shauri kwamba apigwe. Kwa kuwa akiachwa mtu mkubwa, wadogo wataibaje wasiibe? Lakini wapiga kafi wa Lady Alice wakamwombea. Wakakumbusha jinsi alivyowatoa watu majini. Kisha nduguye, jina lake Shumari, akasema kwamba yu tayari kuchukua nusu ya adhabu. Na jamaa yake, Saiwa, akaomba apigwe yeye kwa ajili ya Uledi.

Stanley akawasamehe wote. Hapana aliyesema kwamba kuiba ni haki kwa sababu ya njaa. Uledi alikosa, na kosa lake lilitajwa mbele ya watu wote. Lakini wema alioutenda siku za nyuma haukupotea. Aliowasaidia walisimama upande wake siku ya aibu yake.

5. Barua ya Boma

Mwisho wa Julai wakaiacha Lady Alice juu ya miamba, wakashika njia ya nchi kavu kwenda Boma, palipokuwa na maduka ya wafanya biashara wa Ulaya. Walikuwa wamechoka kabisa, na chakula cha kununua hakikupatikana. Agosti 4, 1877, Stanley aliandika barua kwa mtu ye yote wa Boma ajuaye Kiingereza. Hakumjua hata mmoja kwa jina. Alieleza kwamba ana watu 115, wanaume, wanawake na watoto, nao wako karibu kufa kwa njaa.

Nani ataichukua? Uledi alijitoa tena, na Kacheche, na Mwinyi Pembe, na Robert Feruzi. Huyu Robert alikuwa amesoma katika shule ya misheni Unguja, akajua Kiingereza. Elimu yake ilihitajiwa siku hiyo kuliko bunduki. Waongozi wao wakawaacha njiani, lakini wao hawakurudi. Wakaufuata ukingo wa mto, na matumbo matupu, mpaka wakafika Boma.

Wafanya biashara hawakuuliza malipo kwanza. Agosti 6 wapagazi walionekana wakija na mchele, na samaki, na viazi, na nguo, na wale wajumbe pamoja nao. Watu waliokuwa wamelala chini wakainuka. Kulikuwa na kilio, na kulikuwa na nyimbo. Agosti 9 wakaingia Boma, na mto ukajulikana tangu Nyangwe hata bahari.

Wakarudishwa kwa meli kwa njia ya kusini ya Afrika, wakafika Unguja Novemba 26, 1877. Ufukoni wengi walikumbatiwa. Na wake wengine walisimama wakitazama, wala waume zao hawakushuka chomboni.

Yaliyofuata Kongo hayakuwa mema. Tangu 1885 hata 1908 nchi ile ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na wenyeji waliteswa sana kwa ajili ya pembe na mpira. Wapiga kafi hawakuyajua hayo, wala hawakuulizwa. Jina la Stanley liliandikwa katika ramani. La Uledi halikuandikwa. Walakini bila mikono ya Uledi na wenzake, ramani hiyo isingalikuwapo.

Wahenga walisema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Zaidi aliyajua maneno hayo juu ya jiwe, Uledi aliyajua siku ya hukumu, na watu 115 waliyajua walipouona mchele wa Boma.

Maswali

1. Kwa nini maji ya Mto Kongo hayapungui sana kama ya Mto Mbwemkuru?
2. Wangwana walikuwa watu gani, na wengi wao walihusianaje na Kilwa?
3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi Zaidi alivyookolewa.
4. Uledi alimwambia Pocock kwamba hapapitiki. Je, alifanya vema kuingia baadaye? Toa sababu zako.
5. Shumari na Saiwa walitaka kufanya nini kwa ajili ya Uledi? Je, ungalikuwa hakimu, ungaliamua nini?
6. Elimu ya Robert Feruzi iliwafaa nini wenzake?