Mdogo Wangu, Zima Kwanza

Haya mdogo wangu, sogea hapa karibu, leo nataka tuongee habari ya hiyo bisibisi uliyonunua. Usidhani nataka kukuvunja moyo, dada yako nimefurahi. Mwenye nyumba hapokei simu, fundi anasema "kesho" tangu Jumatatu, bomba linadondoka usiku kucha na bili ya maji unalipa wewe. Ukaingia YouTube, ukamwona mtu anafungua koki bila jasho, ukajiambia, kwani mimi sina mikono? Unayo. Ila yule mtu alifanya jambo moja kabla hata kamera haijawashwa, nalo ndilo linalowaliza wengi mnaoniandikia: alifunga maji.

Kufungua kila mtu anajua. Balaa linaanza pale unapofungua kitu ambacho hujui kinazimwa wapi. Maji yameshafika sebuleni, mtoto analia, wewe umelikumbatia bomba kwa kanga, na koki kubwa huijui ilipo. Iko nje karibu na mita, imefunikwa na majani, haijazungushwa sijui tangu lini. Usijione mjinga, nyumba nyingi ziko hivyo. Lakini nenda kaitafute leo, wakati hakuna kilichoharibika, uijaribu kama inazunguka. Na kama mna tangi juu, nalo lina koki yake. Ukifunga ya mita ukaisahau ya tangi, utaoga na nguo zako mwilini.

Ukishafunga, fungua lile bomba bovu maji yaliyobaki yaishe, ziba tundu la sinki kwa kitambaa kwa sababu skrubu ndogo zinapenda kukimbilia humo, ndipo ufungue kichwa. Kwenye koki za kizamani, zile za kuzungusha mara nyingi, utakuta chini yake kiraba cha duara kimekuwa kigumu, kimeliwa upande mmoja. Ugonjwa wote uko hapo. Usiende kumweleza muuza vifaa kwa maneno na ishara za vidole, mpelekee chenyewe akione, maana vinatofautiana ukubwa. Ukirudishia, kaza mpaka pakae, basi. Mnakaza kwa hasira, mdogo wangu, kama mnamkomoa mtu, halafu uzi wa koki unakatika mnasema vifaa vya siku hizi ni feki.

Umeme sasa. Hapa naomba unitazame usoni. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na haukuonei huruma kwa kuwa ulikuwa unajifunza. Ninaujua mtindo wenu: umeme ukikatika mtaa mzima, mtu anavuta kiti aende kufungua soketi, eti "sasa hivi hakuna moto". Wanaorudisha umeme hawakupigii hodi! Au uniti za LUKU zimeisha nawe unajiona salama, kumbe shemeji yangu huko aliko ameshanunua, ametuma tokeni, na mtoto mwenye bidii anabonyeza zile tarakimu 20 huku vidole vyako vimeshika waya. Meni swichi ndiyo inayozima, mengine yote ni bahati. Ijaribu testa yako kwenye soketi yenye moto ujue kama ni nzima, kisha zima, mtangazie kila aliyemo ndani, halafu pima tena pale unapotaka kugusa. Rangi za waya usiziamini sana. Nyumba za zamani moto ni mwekundu, za sasa ni kahawia, na fundi aliyepita huenda aliishiwa waya akafunga uliokuwepo.

Kubadilisha taa, kufunga plagi ya pasi, hayo yako. Ukiona sakiti breka inaanguka kila ukiirudisha, usishindane nayo wala usiishikilie kwa tepu. Inakuambia kuna mahali pana shoti. Mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, lipa, lala usingizi. Najua roho inauma kutoa hela kwa kitu ulichodhani utakiweza, lakini mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba huu unaunguza nyumba.

Kwenye gari mnarudia yaleyale. Fyuzi ya redio imeungua, ile nyekundu ya 10, mtu anachomeka ya kijani ya 30 kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo, au anakunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Redio inaimba, anafurahi. Fyuzi iliwekwa iungue yenyewe ili waya upone, sasa umeipa kazi ambayo haitaifanya, utaungua waya ndani ya dashibodi usikoona.

Gari likichemsha, tafadhali, usiguse mfuniko wa rejeta. Naijua ile presha: uko katikati ya foleni, nyuma wanapiga honi, konda wa daladala ameshakutukana na ukoo wako. Washa taa za hatari, zima injini, kaa kando. Maji yaliyofungiwa mle yana mgandamizo, yanaweza kuwa na moto zaidi ya nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua tu yanaruka yote usoni. Subiri mpaka uweze kulishika lile bomba la juu la rejeta bila kuungua. Honi utazisahau kabla hujafika nyumbani.

Pancha ndiyo ninayotaka kila mmoja wenu aiweze, wasichana hasa, msikae barabarani usiku mkisubiri msamaria. Egesha pasipo na mteremko, vuta handibreki, weka jiwe kwenye gurudumu la upande wa pili. Nati zilegeze kidogo tairi likiwa bado chini. Wengi mnainua gari kwanza, kisha mnahangaika na gurudumu linalozunguka hewani na jeki inayoyumba. Na huko chini ya gari usiingize hata mkono kutafuta nati iliyodondoka, vuta kwa fimbo. Ukifunga, kaza nati kwa kupishana, hii halafu ya mkabala wake, na ukishatembea kidogo simama ukaze tena. Kama spea yako ni kale katairi kembamba kalikoandikwa 80, hiyo ndiyo spidi ya mwisho, usikimbizane nako mpaka Morogoro.

Sasa niambie kweli, hiyo spea yenyewe ina upepo? Umeiona lini mara ya mwisho? Shuka ukaangalie, mimi nakusubiri.