Mali ni Amana: Nasaha kwa Wakristo wa Rusimbi

Wamisionari wa London walipowasili Ujiji mwaka 1878, na Mapadre Weupe wakafuata mwaka 1879, waliikuta bandari yenye utajiri mwingi, ambamo pembe za ndovu zilivushwa ziwa kutoka Manyema, ushanga uitwao sofi ulitumika sokoni badala ya fedha, na binadamu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, alitiwa bei pamoja na bidhaa. Kabla yao, Oktoba 1871, Livingstone alifika mjini humo akiwa dhaifu na hana kitu, akakuta shehena aliyoletewa kutoka Unguja imekwisha kuuzwa na mtu yule yule aliyekabidhiwa kuitunza. Tunaanza na habari hizi kwa sababu Rusimbi ni sehemu ya mji huu huu wa Kigoma na Ujiji, na suala tunalotaka kulizungumza, yaani mali imepatikanaje na ni haki ya nani iliyomo ndani yake, lilikuwapo hapa tangu zamani.

Dini yetu haisemi kwamba utajiri ni dhambi, wala haisemi kwamba ufukara ni ibada. Ibrahimu alikuwa na mifugo mingi, Lidia alifanya biashara ya nguo za zambarau, na Yusufu wa Arimathaya, aliyekuwa tajiri, ndiye aliyemzika Bwana katika kaburi lake mwenyewe. Wala haifundishi, kama wanavyohubiri wengine siku hizi, kwamba sadaka ni mbegu ambayo ukiipanda kwa mhubiri Mungu atalazimika kukurudishia mara mia. Mafundisho ya namna hiyo yamewanyang'anya wajane akiba zao, nasi tunayakataa waziwazi.

Mtazame Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, ambaye Yesu alipoingia nyumbani kwake aliahidi kwa hiari yake kuwapa maskini nusu ya mali yake, na yeyote aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Hakuahidi kujenga hekalu. Aliwakumbuka wenye njaa na wale aliowapunja, na hapo Bwana akatamka kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Sisi twaona kwamba huu ndio utaratibu ambao makanisa yetu, kwa kuona haya mbele ya wafadhili, yameuacha.

Basi tuje kwetu. Kikosi cha wavuvi wa dagaa hukesha ziwani katika usiku wa giza, taa zikiwaka juu ya maji, na kunapokucha mwenye chombo huondoa kwanza gharama za mafuta, betri na chakula, ndipo kinachosalia kigawanywe. Ni katika hesabu hiyo, ambayo aghalabu mvuvi haoneshwi, ndimo dhuluma hupata nafasi: gharama zikiongezwa kidogo au bei ikitajwa pungufu, vijana waliolowa usiku kucha hurudi kwa watoto wao na riziki isiyotosha unga. Mtume Yakobo aliandika kwa ukali juu ya ujira uliozuiliwa, akasema kilio cha wavunaji kimemfikia Mungu. Muuza mawese achanganyaye mafuta yake, na mkopeshaji wa ile mikopo ya kausha damu, wako katika hukumu hiyo hiyo, kwa kuwa Torati ilikataza kumtoza maskini riba, na majirani zetu Waislamu nao wamekatazwa.

Uvuvi uliposimamishwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana, wengi walinung'unika. Lakini sheria ya Musa iliamuru shamba lipumzike mwaka wa saba, na kile kitakachoota chenyewe kiwe chakula cha maskini. Kupumzika kwa mali na kulishwa kwa mhitaji viliamriwa pamoja. Ziwa likipumzishwa, ni wajibu wa mwenye nyavu na akiba kuwakumbuka mvuvi wa kikosi chake na mama aanikaye dagaa mchangani, ambao hawana pengine pa kushika.

Kwa hiyo, ndugu mwenye chombo, kabla hujaleta zaka Jumapili ijayo, keti na wavuvi wako, fungua daftari la mauzo mbele yao, na ukiona umempunja mtu, mrudishie chake kwanza, ndipo uje na sadaka.