Mwenyeji ni Nani? Somo la Karatu na Ngorongoro

Swali la nani mwenyeji na nani mgeni limemshughulisha kwa miaka mingi mtaalamu wa siasa Mahmood Mamdani. Alizaliwa Bombay, India, mwaka 1946, akakulia Kampala. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza watu wenye asili ya Asia, alikwenda Uingereza akiwa mkimbizi. Mwaka uliofuata akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Katika kitabu chake cha mwaka 1996, *Citizen and Subject*, alieleza kuwa wakoloni waliwagawa watu kwa sheria. Wazungu walikuwa chini ya sheria za serikali. Waafrika waliwekwa katika makabila, chini ya mila na machifu. Haki ya ardhi ikafungamana na kabila, na aliyehamia eneo la kabila jingine akahesabiwa mgeni.

Karatu na Ngorongoro zinafaa kuipima hoja hiyo. Wahadzabe wameishi kandokando ya Ziwa Eyasi tangu kale. Wadatoga walichunga Ngorongoro kabla ya kushindwa na Wamaasai katika karne ya 19. Wairaqw walienea Karatu kutoka Mbulu, na walowezi wa Kijerumani walilima Oldeani. Mwaka 1959 Wamaasai walioondoka Serengeti walipewa haki ya kuishi Ngorongoro. Tangu 2022, mpango wa kuhamishia familia Msomera, Handeni, umezusha mjadala mkubwa.

Basi, karibu kila jamii hapa iliwahi kuhamia au kuhamishwa.

Zoezi: Je, haki ya kukaa mahali itokane na kutangulia kufika, kabila, au uraia? Toa sababu.