Kabla Hujaivika Ghorofa Alukobondi

Nyumba kongwe za Tanga na Pangani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chumba kikishika moto, huungua milango, vitanda na boriti, lakini ukuta wenyewe hauubebi moto kwenda juu. Tofali la saruji nalo ni hivyo hivyo. Ghorofa inayovishwa mabamba yanayong'aa, yale mafundi wanayoyaita alukobondi, ni habari nyingine.

Bamba hilo ni karatasi mbili nyembamba za alumini, na hatari imo katikati yake. Kama kilichobanwa humo ni plastiki tupu, umezipanga kuni ukutani. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi, plastiki hudondoka ikiwaka, na uwazi ulioachwa nyuma ya bamba huvuta moto juu kama dohani. Tarehe 14 Juni 2017, jijini London, moto wa friji kwenye ghorofa ya 4 ya jengo la Grenfell ulitokea dirishani ukafika kileleni kwa chini ya nusu saa. Walikufa watu 72, na wakazi walikuwa wameambiwa wabaki ndani. Dubai, waliko jamaa zetu wengi, jengo la The Torch liliungua kwa nje mwaka 2015, kisha tena 2017.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii haishiki moto", mwombe cheti cha maabara. Kwa vipimo vya Ulaya, tafuta daraja A1 au A2. Herufi FR peke yake hazitoshi: mara nyingi bado mna plastiki, ila imechanganywa na dawa ya kupunguza moto. Mzigo ukifika, hakikisha ndio ule ule wa kwenye cheti. Mtake fundi azibe ule uwazi kila ghorofa na kuzunguka madirisha, kwa kitu kisichoungua. Nyaya za kiyoyozi na za mabango ya taa zisipite ovyo nyuma ya mabamba, kwani chumvi ya bahari hula viungio vyake. Mimi ningepiga lipu na rangi, basi.

Unaishi kwenye jengo lililokwisha kuvishwa? Ukiona moto ukutani, usingoje. Amsha majirani, rudishia mlango, shuka kwa ngazi, wala usiingie lifti. Piga 114, uwaambie Zimamoto ni upande gani unaowaka, na kwamba ukuta una mabamba.