Hotipoti ya Kimamba na Dawa za Wodini

Mgonjwa wa Kimamba akilazwa hospitali ya wilaya pale Kilosa, chakula hupikwa nyumbani, kikafungwa kwenye hotipoti na kupakiwa kwenye bodaboda. Nesi hukiona kikifika. Mfamasia pia anapaswa kukijua, ingawa wengi tunadhani kazi yake inaishia dirishani, kuhesabu vidonge.

Akiwa kwenye raundi na daktari, mfamasia hupitia faili: dozi inalingana na uzito? Figo za mgonjwa zinaihimili? Kuna dawa zinazogombana? Kisha huuliza mgonjwa amekula nini, na saa ngapi.

Saa ya kula ina uzito zaidi kuliko tunavyodhani, hasa kwa mwenye kisukari. Sindano ya insulini ikishachomwa, halafu bodaboda ikapata pancha njiani, sukari hushuka: jasho jembamba, mikono kutetemeka, maneno kuchanganyika, hata kuzimia. Kama chakula hakijafika, sema kabla ya sindano. Usione haya.

Wilaya hii ina wafugaji wengi, na maziwa hupelekwa sana kwa wagonjwa. Kwa anayemeza dawa mseto ya malaria ni mazuri, kwani mafuta husaidia dawa kuingia mwilini. Lakini maziwa hayohayo hupunguza nguvu ya siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria. Vidonge vya kuongeza damu navyo havipatani na chai; afadhali chungwa.

Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali aliyelazwa, bibi asije na ugali siku ya kwanza. Mwili uliodhoofika hauwezi kupokea chakula kingi ghafla. Huanza na maziwa ya tiba ya F-75, yenye kilokalori 75 kwa kila mililita 100, kidogo kidogo mchana na usiku. Akitengemaa huhamia F-100. Hata vidonge vya madini chuma husubiri hapo mwanzoni.

Anayelishwa kwa mpira wa puani asisagiwe kidonge chochote bila mfamasia kuulizwa. Kuna vidonge vilivyotengenezwa kuachia dawa taratibu. Ukivisaga, dozi nzima humwagika mara moja.

Kesho ukipeleka hotipoti, weka pembeni mfuko wenye dawa zote anazotumia nyumbani, za dukani na za mitishamba, hata mwarobaini. Mwombe nesi akuitie mfamasia, umfungulie mfuko huo mbele ya mgonjwa.